Vifaa vya kumsaidia mzee mwenye Alzheimer ya mwanzo: kipi kinunuliwe, kipi kibaki dukani

Maduka ya vifaa tiba na ya mtandaoni yamejaa bidhaa zinazotangazwa kuwa ni za wazee wanaosahau: visanduku vya dawa, saa za ukutani zinazotaja siku, simu za vitufe vikubwa, vizimio vya gesi, saa za mkononi za kujua mtu yuko wapi. Hapa tunavipima kwa kigezo kimoja tu: kifaa hiki kinampunguzia mzee hatua za kukumbuka, au kinamwongezea? Vingi vinaongeza, na sanduku lake halisemi hivyo.

Kigezo hiki kinatokana na ugonjwa wenyewe. Alzheimer huanza kwa kudhoofisha sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya, hasa hipokampasi na eneo linaloizunguka. Mazoea ya mikono yanatunzwa kwingine na hudumu muda mrefu zaidi. Bibi anakuna nazi, anachuja tui na kuunga mchuzi vizuri kabisa, lakini rimoti mpya hawezi kujifunza hata afundishwe wiki nzima. Kinachoanza kuyumba ni kazi zenye hatua nyingi na zinazotaka kukumbuka la kufanya baadaye: hela, dawa, miadi ya kliniki, safari ya mtaa wa mbali, kupika vyungu viwili kwa pamoja. Kuoga, kuvaa na kula mwenyewe huja kuguswa baadaye. Ndiyo maana majirani husema "mbona yuko sawa tu", kwa sababu wao wanaona nguo safi na salamu nzuri, hawaoni dawa za presha zilizobaki kwenye droo.

Kabla ya kifaa chochote, tumia dodoso la Pfeffer la mwaka 1982, la kupima jinsi mtu anavyomudu shughuli za kila siku. Halina gharama ya maana, nalo ndilo litakalokuambia ununue nini. Lina maswali kumi, na anayejibu ni mtu anayeishi karibu na mzee, si mzee mwenyewe: kulipa bili, kushughulikia karatasi za kodi na nyaraka, kwenda sokoni peke yake, mchezo wa kufikiri au kazi anayoipenda, kuchemsha maji na kuzima jiko, kupika mlo kamili, kufuatilia yanayoendelea, kuelewa habari au kipindi anachokitazama, kukumbuka miadi na dawa, na kusafiri nje ya mtaa. Kila swali lina alama 0 mpaka 3: 0 anafanya kama kawaida, 1 anafanya kwa taabu, 2 anahitaji msaada, 3 anafanyiwa. Jumla ni 30, na kuanzia 9 kwenda juu madaktari hulichukulia kuwa jambo la kuchunguzwa kwa makini. Swali la hundi na bili lisomeke kama LUKU na bili ya maji. Mchezo wa kufikiri ni bao, au karata.

Ubora wa dodoso hili ni namna linavyoshughulikia kazi ambazo mtu hakuwahi kuzifanya. Ukiulizwa kama babu anaweza kupika na hajawahi kushika mwiko maisha yake yote, jibu ni 0 ikiwa ungeamini angeweza leo, na 1 ikiwa unaona angepata shida. Kipimo cha Lawton na Brody cha 1969, ambacho kina shughuli nane, kilikwepa tatizo hilo kwa kutowahesabia wanaume upikaji, usafi wa nyumba na ufuaji. Kwa familia zetu hilo linapoteza habari nyingi. Udhaifu wa dodoso la Pfeffer ni mjibuji. Mtoto anayeishi mbali na kupiga simu Jumapili atajaza sifuri tupu. Mpe binti wa kazi au mjukuu anayelala nyumba moja na mzee.

Na kama alama ziko juu, hospitali kwanza. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona na masikio yaliyoziba vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane anapoteza akili. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi ana sababu ya ziada ya kupimwa B12, maana dawa hiyo huishusha.

Sasa vifaa, tukianza na kisanduku cha dawa cha wiki. Hiki ndicho tunachokipendekeza kuliko vyote, kwa masharti. Kazi yake kubwa si kumkumbusha mtu kunywa dawa. Kisanduku cha kawaida hakilii wala hakisemi. Kinajibu swali moja tu: "nimeshakunywa au bado?" Swali hilo ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu mgonjwa wa Alzheimer ya mwanzo huwa anakumbuka kwamba ana dawa, asichokumbuka ni kwamba amezimeza nusu saa iliyopita. Anameza tena. Kwa amlodipine, dawa ya presha, matokeo ni kizunguzungu na hatari ya kuanguka. Kwa glibenclamide, dawa ya kisukari, sukari inaporomoka, anatokwa jasho, anaongea yasiyoeleweka, na familia inasema ugonjwa wa kusahau umeongezeka kumbe ni sukari.

Dukani, angalia mambo haya. Kifuniko kiwe cha kuonyesha ndani. Vya rangi nzito vinapendeza lakini vinamlazimisha afungue ili ajue kama pamebaki kitu. Kifunge, kigeuze juu chini, kitikise: kikifunguka chenyewe, vidonge vitachanganyika kwenye mkoba. Kisha kifungue kwa kidole gumba kimoja. Kikigoma, vidole vyenye baridi yabisi havitakiweza. Beba kidonge kikubwa kuliko vyote anavyotumia, mara nyingi ni metformin ya miligramu 1000, uone kama kinaingia bila kubanwa.

Kasoro kubwa ya vilivyopo madukani ni herufi za siku. Juu kumeandikwa S M T W T F S. Hata anayejua Kiingereza anakutana na S mbili na T mbili, na aliyezoea kuhesabu wiki kuanzia Jumamosi anakuta mpangilio usio wake. Funika herufi hizo kwa plasta nyeupe, uandike kwa makapeni J'MOSI, J'PILI, J'TATU mpaka IJUMAA, kwa herufi kubwa. Andika kwenye plasta, si kwenye plastiki yenyewe, maana wino wa juu ya plastiki hufutika baada ya kuoshwa mara chache.

Idadi ya vyumba ifuate idadi ya nyakati. Kuna vya vyumba 7 na vya vyumba 28, yaani siku saba mara nne. Watu hununua cha 28 wakidhani kikubwa ndicho bora. Kwa mzee anayeanza kusahau, vyumba 28 ni maswali 28. Kabla ya kukinunua, nenda na dawa zote kwa daktari au mfamasia umuulize kama zinaweza kukusanywa kwenye wakati mmoja au miwili wa siku. Mara nyingi inawezekana. Usihamishe mwenyewe: donepezil, dawa ya Alzheimer, kwa mfano, huanzwa kwa miligramu 5 usiku na kupandishwa hadi 10 baada ya wiki nne hadi sita, na ikileta ndoto za kutisha daktari huihamishia asubuhi, lakini ni yeye wa kuamua, hasa kwa mwenye mapigo ya moyo ya taratibu.

Visivyotakiwa kuingia kisandukuni: nitrogliserini, dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, ambayo lazima ibaki kwenye chupa yake; sodiamu valproate, dawa ya kifafa, na vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vinavyonyonya unyevu; dawa za maumivu zinazotumika pale inapobidi tu; na dawa za mara moja kwa wiki. Hiyo ya mwisho ni ya kifo. Methotrexate, dawa ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, ikimezwa kila siku inaharibu uboho. Pwani, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, usijaze zaidi ya wiki moja, na usikiweke bafuni wala juu ya jiko. Kikioshwa kikauke kabisa kwanza. Na kwa kuwa tuko hapo: toa Piriton kwenye droo ya mzee. Chlorpheniramine iliyomo humwongezea mzee kuchanganyikiwa na inafanya kinyume cha kile donepezil inachojaribu kufanya.

Anayejaza awe mtu mmoja, siku moja, akiwa na cheti cha dawa mkononi. Chukua dawa ya kwanza, weka kwenye siku zote saba, rudisha pakiti, ndipo uchukue ya pili. Ukijaza siku moja moja kwa kuchanganya pakiti zote, kosa haliko mbali. Malizia kwa kuhesabu: kila chumba cha asubuhi kiwe na idadi ileile ya vidonge. Wiki ikiisha, kabla ya kujaza tena, andika kilichobaki na siku yake. Jumanne jioni, Alhamisi jioni. Daktari atajifunza zaidi kwenye orodha hiyo kuliko kwenye "anasahausahau tu", kwa sababu jioni zikibaki peke yake tatizo ni wakati wa siku, lakini vyumba vya mbele vikifunguliwa kabla ya siku yake, tatizo ni kwamba hajui leo ni lini.

Kumfundisha kukitumia kuna njia yake. Usimwambie "bibi, kumbuka". Hilo halifundishi kitu. Muulize: "Bibi, ukitaka kujua kama umekunywa dawa, unaangalia wapi?" Mpe jibu mwenyewe mara ya kwanza: "Kwenye kisanduku." Muulize tena baada ya sekunde 30, kisha dakika moja, mbili, nne, nane, mkiwa mnaendelea na mazungumzo mengine. Akikosea, mpe jibu palepale bila kumwacha akisie, arudie, kisha urudi kwenye muda wa mwisho aliopatia. Kumwacha akisie kunaharibu, kwa kuwa ubongo huo unaweza kushika jibu la kosa. Siku akijibu asubuhi lile mlilofanya jana yake, limekaa. Kiweke kisanduku pale ambapo mkono wake unafika kila siku bila kufikiri: pembeni ya chupa ya chai, au karibu na msala kama huwa anakunywa dawa baada ya alfajiri. Adhana ni kengele iliyokwisha kuwekwa, haina betri. Kosa la kawaida ni kukificha kabatini kwa sababu ya wajukuu. Kama kuna watoto wadogo, afadhali rafu ya juu iliyo wazi machoni pake.

Kisanduku kikishindwa, kuna cha duara chenye kufuli na kengele. Kina vyumba 28, hujizungusha saa ikifika, hulia mpaka kigeuzwe vidonge vitoke, na kinaendeshwa kwa betri kwa hiyo umeme ukikatika hakijali. Dawa za mara moja kwa siku kinabeba wiki nne, mara mbili wiki mbili, mara nne wiki moja. Ni kifaa kizuri, na kinapunguza sana kumeza mara mbili. Ila kinatoa vidonge, hakimezeshi. Vikikutwa kwenye pindo la khanga au chini ya mto, muda wa kifaa umepita, ni zamu ya mtu.

Saa za kidijitali za kutaja siku na tarehe zinasifiwa sana Ulaya, na kwa huko zinafaa. Kwetu zina tatizo la hesabu. Zinaonyesha 7:00 asubuhi, na aliyekulia saa za Kiswahili anatakiwa aondoe sita ili apate saa moja. Zikionyesha 4:00 alasiri aongeze sita apate kumi. Hesabu hiyo ambayo zamani ilikuwa haimsumbui ndiyo inayomtoroka sasa, akaja sebuleni saa moja asubuhi akidai chakula cha mchana kimechelewa. Wapo wanaoirudisha saa nyuma saa sita ili isome Kiswahili. Namba zitakuwa sawa, lakini tarehe na siku vitabadilika saa kumi na mbili alfajiri badala ya usiku wa manane, kwa hiyo anayeamka kuswali atakuta bado imeandikwa jana; na zile zenye maneno ya "asubuhi" au "usiku" zitamdanganya kutwa nzima. Lugha ya Kiswahili pia mara nyingi haimo kwenye orodha yake. Nunua saa ya mishale, ile aliyozoea kuisoma tangu ujanani, na kalenda ya kuchana karatasi moja kila siku. Anayechana awe mtu mmoja, asubuhi. Mzee akichana mwenyewe anaweza kuchana mara tatu.

Simu za vitufe vikubwa ni biashara ya kuuzia watoto, si wazazi. Kama mama ametumia kitochi chake miaka kumi, vidole vyake vinajua njia. Ukimletea simu mpya yenye menyu nyingine, hata vitufe viwe vikubwa vipi, unamwondolea alichokuwa bado nacho. Nunua nyingine ya aina ileile uiweke akiba, na betri ya ziada. Kwenye simu hiyo hiyo weka namba za haraka: kubonyeza 2 kwa muda kumpigie mwanawe, 3 jirani. Simu ya vitufe vikubwa inafaa pale tu kinachosumbua ni macho.

Hela ndani ya simu ni jambo jingine, na hapa hakuna kifaa cha kununua. LUKU inaonyesha ugumu huo vizuri. Kuinunua kunataka kupitia menyu kadhaa kabla muda haujakatika, kukumbuka namba ya siri, kisha kuhamisha tarakimu 20 kutoka kwenye meseji hadi kwenye mita huku ukibadilisha macho. Mita inaikataa tokeni iliyokwisha kuingizwa, lakini mzee haelewi hivyo. Anaona "imekataa", ananunua nyingine. Ukikuta manunuzi matatu ya LUKU ndani ya siku mbili, hiyo ni dalili kubwa kuliko kusahau jina la mjukuu. Tarakimu zisomwe nne nne, mafungu matano, mtu mmoja akisoma mwingine akibonyeza. Baadaye mtoto anunue kwa namba ya mita kutoka alipo.

Akaunti zigawanywe mapema. Laini anayotembea nayo ibaki na hela ya soko ya wiki. Akiba ihamie kwingine kwa ridhaa yake. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinampata kirahisi mtu asiyekumbuka kama aliahidi kumtumia mtu hela. Na kama familia inataka hati ya kisheria ya kumwakilisha benki au kwenye kiwanja, isainiwe sasa, wakati bado anaelewa anachosaini.

Jikoni ndiko kwenye hatari ya haraka zaidi, na ndiko wauzaji wanakotia chumvi. Kizimio cha gesi cha kugeuza kwa mkono hufungwa kwenye regulata ya mtungi. Unaweka dakika, zikiisha kinakata gesi. Kinaokoa chungu kilichosahauliwa. Lakini tazama kinachofuata: moto umezimika, kitufe cha jiko bado kiko wazi. Mtu mwingine akija kuweka dakika upya, gesi inatoka bila moto. Kwa hiyo kizimio peke yake hakitoshi. Jiko liwe na kihisi cha moto, kijichuma kidogo pembeni ya kichomeo kinachofunga gesi moto ukizimika. Utalijua kwa sababu baada ya kuwasha lazima ushikilie kitufe sekunde chache. Vizimio vingi pia vina alama ya kuacha gesi wazi moja kwa moja, na anayepika maharage ataigeuzia hapo na kuiacha. Regulata ya kizimio ilingane na valvu ya mtungi wako. Isiyolingana usiilazimishe kwa mpira.

Usitegemee pua yake. Uwezo wa kunusa hupungua mapema katika Alzheimer, kwa hiyo harufu iliyotiwa kwenye gesi makusudi ili ituonye huenda asiisikie. Kengele ya kugundua gesi inafaa, ila ifungwe chini, karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Mafundi wengi huifunga juu kama ya moshi, na hapo haina kazi.

Birika la umeme hujizima maji yakichemka, mradi kifuniko kimefungwa. Kikiachwa wazi mvuke haufiki kwenye swichi, linachemka mpaka likauke. Hatari yake nyingine ni mzee kuliweka juu ya moto wa gesi, kwa sababu kwa mikono yake birika ni birika. Kama anawasha jiko vizuri na anasikia vizuri, birika la mluzi ni bora na la bei ndogo.

Saa ya mkononi ya kufuatilia alipo mtu inataka kuchajiwa karibu kila siku, laini yenye bando, na mtu wa kuangalia ramani. Katika hatua za mwanzo wengi hawapotei mtaani kwao. Hupotea Kariakoo, au wakibadilisha njia waliyoizoea. Bangili ya chuma iliyochongwa namba mbili za simu inatosha kwa sasa.

Vidonge vya ginkgo, vinavyouzwa karibu na kaunta kama dawa ya kumbukumbu, achana navyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2008 uliwafuatilia watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi waliopewa miligramu 120 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa, na ginkgo haikupunguza waliopata ugonjwa. Kama mzee tayari anavimeza na anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini, mwambie daktari wake kwenye kliniki inayofuata, au mapema zaidi ukiona fizi zinatoka damu.